Ukipunguzwa kazi, dai cheti cha utumishi kabla ya kuondoka

Mfanyakazi anapoarifiwa kwamba nafasi yake imefutwa, fikra zake huelekea kwanza kwenye kodi ya nyumba na karo ya watoto. Ni nadra akumbuke karatasi. Hata hivyo, miezi michache baadaye, akiwa mbele ya mwajiri mwingine, karatasi zizo hizo ndizo zitakazoamua kama miaka yake kumi ya kazi itahesabiwa au itachukuliwa kuwa maneno matupu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi kwa sababu zisizotokana na makosa yao sharti atoe ilani ya muda usiopungua mwezi mmoja, akieleza sababu na kiwango cha upunguzaji huo. Ilani hupelekwa kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba wa eneo hilo. Asiye mwanachama huarifiwa binafsi, kwa maandishi. Aidha, wanaoondoka hawachaguliwi kwa chuki au upendeleo: sheria inataka mwajiri azingatie muda waliotumikia, ujuzi, uwezo na uaminifu wao.

Malipo ya kuachishwa kazi hayapungui mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tukikadiria siku hizo kuwa nusu ya mshahara, aliyekuwa akilipwa Sh30,000 kwa mwezi na akatumikia miaka sita anastahili takriban Sh90,000. Juu ya hizo kuna siku za likizo ambazo hakuzichukua, pamoja na ilani ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake.

Hapa ndipo wengi hupunjwa. Baadhi ya waajiri humwita mfanyakazi faraghani na kumshawishi aandike barua ya kujiuzulu, eti ili "asiharibu jina lake". Anayejiuzulu hajapunguzwa, na malipo ya siku 15 huyeyuka papo hapo. Wengine humkabidhi fomu ya kukiri kwamba amelipwa kila kitu na hana dai lolote tena. Asome kila mstari kabla ya kutia saini, kwani mahakama huweza kuihesabu saini iliyotolewa kwa hiari kuwa maafikiano kamili.

Turudi kwenye karatasi. Cheti cha utumishi ni haki ya kila aliyefanya kazi kwa wiki nne au zaidi, hata yule aliyefutwa kwa utovu wa nidhamu. Hutaja jina la mwajiri na la mfanyakazi, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa, na tarehe za kuanza na kumaliza. Mwajiri halazimiki kukusifu. Analazimika kusema ukweli kwamba ulikuwapo, na akikataa makusudi anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au adhabu zote mbili. Kagua aina ya kazi iliyoandikwa. Aliyeandikwa "kibarua" ilhali aliendesha mitambo kwa miaka mitano atapata shida kuajiriwa kama mwendeshaji mitambo kwingineko.

Kwa anayetaka kubadilisha taaluma, tatizo ni zito zaidi. Mlinzi aliyejifunza kuchomelea vyuma jioni kwa jirani wa juakali ana ujuzi lakini hana ushahidi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) husimamia mitihani ya ufundi ya madaraja matatu, ambapo Daraja la Tatu ndilo la kuanzia na la Kwanza ndilo la juu. Mitihani hii hupima kazi ya mikono, kwa hivyo aliyefunzwa kazi kando ya barabara anaweza kuifanya na kupata cheti kinachotambuliwa na wanakandarasi. Kwa maoni yetu, sehemu ndogo ya malipo ya kuachishwa kazi ikitumiwa hapa huwa na faida kuliko kuizamisha yote katika duka ambalo mwenyewe hajawahi kuliendesha.

Katika kutuma maombi mapya, usiharakishe kutumia pesa kwa vyeti vya uadilifu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, mwajiri hana ruhusa ya kudai vyeti hivyo isipokuwa anakusudia kumwajiri mwombaji kwa mkataba wa maandishi. Anayekuomba "ada ya mahojiano" kwa simu, naye, ni tapeli.

Aliyenyimwa haki zake aanzie kwa afisa wa leba, ama aelekee Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Muda wa kuwasilisha kesi ni miaka mitatu, na majadiliano yasiyoisha na mwajiri wa zamani hayasimamishi saa hiyo.