Nani Anakesha? Redio ya Dharura kutoka Alabama hadi Mususa

Jumapili ya Matawi, tarehe 27 Machi 1994, waumini wa kanisa la Goshen United Methodist, karibu na mji wa Piedmont huko Alabama, Marekani, walikuwa ibadani pale tonado ilipoling'oa paa na kuangusha ukuta. Watu 20 walikufa mle ndani. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imekwisha kutoa onyo dakika chache kabla. Onyo lilitoka, lakini halikufika, kwa sababu matangazo ya redio ya hali ya hewa hayakuwa yakifika sehemu ile. Baada ya msiba huo serikali ya Marekani ilihimiza mitambo iongezwe, na leo inazidi 1,000 nchini kote.

Redio inayopokea matangazo hayo ni chombo cha ajabu kidogo. Hukai kuisikiliza, yenyewe ndiyo inayokaa ikisubiri. Ina masafa saba tu, kutoka megahezi 162.400 hadi 162.550, na mwenye nyumba anaiwekea namba ya wilaya yake. Miezi inaweza kupita iko kimya kando ya kitanda. Siku onyo la wilaya ile likitoka, hata kama ni saa tisa usiku, inapiga mlio wa kukera mpaka mtu aamke. Mmarekani amejibu swali la nani anakesha kwa kusema kwamba mashine ndiyo inayokesha. Ni jibu zuri, ila linadai umeme, mitambo isiyozimwa, na ofisi yenye mtu wa zamu usiku kucha.

Sasa tuje huku kwetu Butembo, mashariki mwa Kongo. Wafanyabiashara wetu wanaijua Guangzhou na Dubai kama wanavyoijua barabara ya Kasindi, na redio za dharura zinazotengenezwa China kwa ajili ya soko la Marekani hazikosi njia ya kufika huku. Kila moja ina mkono wa kuzungusha, kioo kidogo cha jua mgongoni, tochi, tundu la kuchajia simu, na pembeni kitufe kimeandikwa WX au WB. Kibonyeze ukiwa katika mitaa yetu ya Mususa, Kimemi, Bulengera au popote pengine Kongo, utasikia mvumo mtupu. Redio ni nzima, ila hakuna anayetangaza katika masafa hayo. Shirika letu la hali ya hewa, METTELSAT, halina mtambo wowote wa namna hiyo. Muuzaji akikwambia kitufe hicho ndicho kinachopandisha bei, mwachie yeye.

Wenzetu wengine walilijibu swali lilelile kwa njia nyingine. Katika miji mingi ya Japani halmashauri yenyewe ndiyo inayosema na raia: vipaza sauti viko juu ya nguzo mitaani, na nyumba nyingi zina kisanduku kinachopokea sauti hiyohiyo. Tarehe 11 Machi 2011, katika mji wa Minamisanriku, mkoa wa Miyagi, mfanyakazi kijana wa halmashauri, Endo Miki, alibaki kwenye kipaza sauti akiwahimiza watu wakimbilie juu mpaka tsunami ilipolifikia jengo. Hakunusurika. Bangladesh nayo, baada ya kimbunga cha Novemba 1970 kilichoua watu zaidi ya 300,000, iliunda mwaka 1972 mpango wa watu wa kujitolea, serikali ikishirikiana na Msalaba Mwekundu. Mtu mmoja kijijini ana redio. Akisikia onyo anapandisha bendera, anashika kipaza sauti cha mkononi na kupita mlango kwa mlango. Kwa macho yangu hao ndio walio karibu nasi zaidi, kuliko Marekani na hata kuliko Japani. Redio moja iliyo mikononi mwa mtu anayejulikana inatosha kijiji kizima.

Sisi pia tuna desturi yetu, na hatukuipata kwenye semina. Katika miji ya Kivu, mwizi au mwenye silaha akiingia usiku, filimbi inalia nyumba moja, sufuria inagongwa nyumba ya pili, na baada ya muda mfupi avenyu nzima iko macho. Haihitaji betri wala namba ya wilaya. Kasoro yake ni kwamba inasema "kuna hatari" bila kusema hatari gani. Sufuria haiwezi kukueleza kama ukimbie au ujifungie ndani. Kwa maporomoko ya udongo lazima utoke, na kwa watu wenye silaha huenda kutoka ndiko kufa. Ndiyo maana redio inahitajika juu ya sufuria, wala si badala yake.

Tena hatari za hali ya hewa huku si hadithi za mbali. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko la Nyamukubi, mvua ilinyesha milimani Kalehe, mito ikashuka na mawe na magogo juu ya Nyamukubi na Bushushu. Waliokufa walizidi 400. Ng'ambo ya Rwenzori, kwa ndugu zetu Wakonjo wa Uganda, mto Nyamwamba uliivamia Kilembe na Kasese mwezi Mei 2013, ukarudi Mei 2020. Butembo yenyewe, yenye nyumba zilizoning'inia kwenye miteremko, ina lake: utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka miongoni mwa sehemu kumi za kwanza duniani kwa wingi wa radi.

Hapo ndipo redio ya bei ndogo inapoishinda ile ya Alabama. Chukua redio yenye masafa ya kati, yale yanayoandikwa AM au MW, uipeleke mahali ambapo hakuna stesheni inayosikika, kisha ongeza sauti. Kila radi inayopiga, hata ile ya mbali ambayo hujaona mwanga wake, inasikika kama mkwaruzo. Mikwaruzo ikiwa michache, endelea na kazi. Ikianza kufuatana na kuongezeka nguvu, waite watoto kutoka uwanjani, anua nguo, chomoa waya wa kioo cha jua. FM haikupi habari hiyo, kwa sababu imeundwa isisikie mikwaruzo ya namna hiyo. Kwa hiyo anayenunua redio ya FM pekee, hata iwe inang'aa namna gani, ameacha dukani kipimo cha radi ambacho angekipata karibu bure.

Masafa mafupi, SW, yana sababu yake pia. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi ambao Beni na Butembo zilinyimwa, intaneti ilikatwa nchini, ujumbe mfupi wa simu ukafuata, na baadaye mitambo ya FM ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ikazimwa katika miji kadhaa. Aliyetegemea simu peke yake alibaki gizani karibu wiki tatu, tena Ebola ikiwa mjini. Mtambo wa masafa mafupi ulioko Ufaransa hauzimwi kwa amri ya Kinshasa. Lakini tusijidanganye, masafa hayo yanazidi kuwa matupu. Sauti ya Amerika, ambayo wazee wetu waliijua kwa saa zake, ilinyamazishwa na serikali ya nchi yake yenyewe mwezi Machi 2025.

Kuhusu nguvu, mkono wa kuzungusha unavutia kuliko unavyofaa. Mwingereza Trevor Baylis alipobuni redio ya kuzungushwa mwaka 1991, akiwa amesikia jinsi habari za UKIMWI zilivyokuwa hazifiki vijijini Afrika, alitumia springi, na ukiikaza ilicheza bila betri yoyote. Zinazouzwa sasa zinazungusha dainamo inayojaza kabetri kadogo. Betri ile ikichoka, mkono unabaki pambo. Mimi ningetafuta redio inayomeza mawe makubwa ya kawaida ya betri, yanayopatikana kwenye kila kibanda, na kioo cha jua kiwe cha kusaidia tu. Kabla ya kulipa, vuta antena hadi mwisho uone kama haijalegea, zungusha kitufe cha stesheni polepole usikie kama Radio Moto na Okapi zinakaa au zinateleza, kisha uiwashe kwa mawe, si kwa waya wa dukani.

Kusikia ni jambo moja, kuamini ni jingine. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliochukua maisha ya watu 2,287, redio za Beni na Butembo zilisema kila siku, na bado mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kenya magharibi walilitazama tatizo hilo mapema. Idara ya hali ya hewa iliketi na ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua wa jadi huko Vihiga, wakapatana juu ya utabiri, na redio ya jamii yenye jina la ukoo huo ikautangaza kwa lugha ya nyumbani. Utabiri uliopita kwa mtu unayemjua una uzito ambao ramani haina.

Kwa hiyo mimi naweka pesa kwenye redio ndogo ya FM, AM na SW, ya mawe, pamoja na filimbi. Hata hivyo pengo moja halijazibwa na duka lolote: stesheni nyingi za jamii hufunga usiku, na mvua inayoangusha milima haingoji asubuhi. Wakurugenzi wa redio za Butembo na Beni, pamoja na meya na huduma ya ulinzi wa raia, wapatane juu ya mtambo mmoja tu utakaobaki hewani usiku kucha katika miezi ya mvua, na katika kila nyumba kumi ajulikane mtu mmoja mwenye redio iliyowashwa na filimbi shingoni.