Safari ya Merikani na Amana ya Biashara

Kanzu yangu ya kwanza ya chuoni ilikuwa ya merikani. Mzee wangu alinunua kitambaa dukani Singida mjini, fundi akanishonea pale barazani, nami nikarudi nayo Unyambwa kifua mbele. Sikumuuliza mtu kwa nini nguo ile ikaitwa hivyo. Leo, ndugu msomaji, tulitazame jina hilo, kwani ndani yake mna mafunzo.

Merikani ni nguo iliyotoka Marekani. Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan aliwekeana mkataba na nchi ile, na ushuru wa bidhaa zao ukawa asilimia 5. Mwaka 1837 akafika Unguja balozi wao, Richard Waters, naye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mji wa Salem. Merikebu za Salem zilileta nguo ngumu isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu.

Sasa angalia mali ilivyopokezanwa. Tajiri wa Salem hakuijua bara. Alimwamini wakala wake aliyekaa Unguja. Wakala akafanya biashara na matajiri wa Kihindi, na mkubwa wao alikuwa Jairam Shivji, aliyekodi forodha ya Seyyid. Matajiri hao wakawakopesha wenye misafara; ndivyo baadaye Tharia Topan alivyomkopesha Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip. Msafara ukatoka pwani, ukapita Ugogo kwa kulipa hongo, mpaka Tabora. Njia hiyo kuu ilipita kusini ya nchi yetu ya Unyaturu. Mpagazi alibeba kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na deni likangoja miaka kulipwa.

Habari nazo zilirudi kwa njia ile ile. Shanga zilitengenezwa Venice, lakini aliyechagua rangi ni mnunuzi wa bara. Msafara uliochukua rangi isiyopendwa ulikwama na mzigo wake. Na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ikaadimika viwandani, merikani ikapungua Unguja, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Bunduki ililia ng'ambo, aliyekosa nguo ni mtu wa huku.

Basi mnyororo huu ulishikwa na nini? Ulishikwa na amana. Watu wasioonana waliaminiana mali nyingi kwa barua na kwa neno. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini amana ile ilikuwa ya wenye mali peke yao. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa wa kusini ya Marekani. Huku kwetu nguo hiyo ilinunua pembe, na ilinunua watu pia. Wala tusijifiche: miongoni mwa wenye misafara walikuwamo Waislamu wenye kusali. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, zama za Seyyid Barghash. Na pembe zile zilikwenda Connecticut kuchongwa vibonyezo vya piano. Aliyekaa kupiga piano hakuuliza ni nani aliyezibeba, kama vile mimi nilivyovaa kanzu yangu nisiulize.

Usidhani hayo yamekwisha. Leo viatu vya China vinauzwa madukani petu, na vitunguu na alizeti za Singida zinaondoka kwa malori. Mkulima analetewa gunia, linajazwa hata linavimba kichwa kwa kilemba cha kamba, tunaita lumbesa, naye analipwa bei ya gunia moja. Anayekula kitunguu hicho mjini hamjui. Surat Al-Mutaffifin imekwisha kutuonya juu ya wanaopunja vipimo, na onyo hilo halikumtoa mtu kwa kuwa yuko mbali na mizani.

Mwenye duka, dalali, mwenye lori na mnunuzi, kila mmoja ameshika pete yake ya mnyororo. Asiseme, "Mimi nimepokea tu." Aulize mali imetoka wapi, na imempitia nani kwa dhuluma. Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali, na atutie haya ya kuvaa kilichomliza mwenzetu. Amin.