Clara Wieck na Mkono wa Baba Yake

Jina la mji wa Leipzig, katika nchi ya Ujerumani, si geni kwa baadhi ya wasomaji wetu, kwa kuwa wamisionari wa chama cha mji huo walifika Kilimanjaro mwaka wa 1893. Lakini leo twapenda kusimulia habari za mtoto wa kike aliyezaliwa Leipzig tarehe 13 Septemba 1819, jina lake Clara Wieck, ambaye alipata kuwa mmoja wa wapigaji kinanda wakuu wa Ulaya. Twaona yafaa wazazi na walimu waisikie habari hii, maana ndani yake mna mambo mawili: namna mtoto afundishwavyo vizuri, na namna ilivyo vigumu kwa mwalimu kumwachilia yule aliyekwisha kumfundisha.

Kwanza tueleze kinanda chenyewe. Kinanda tukijuacho sana makanisani hutoa sauti kwa upepo. Kinanda cha Clara, kiitwacho piano, kina nyuzi za chuma zilizokazwa ndani ya sanduku, na kidole kibonyezapo, nyundo ndogo hupiga uzi. Kidole kikigusa polepole, sauti hutoka laini. Kikigusa kwa nguvu, sauti huwa kuu. Kwa hiyo mpigaji hana budi kuvizoeza vidole vyake kwa miaka mingi.

Baba yake, Friedrich Wieck, alikuwa mwalimu wa kinanda na mwuza vinanda. Mama yake, Marianne, alikuwa mwimbaji na mpigaji kinanda. Hawa wawili hawakupatana, wakaachana. Na kwa sheria ya nchi ile watoto walikuwa wa baba. Basi Clara alipotimiza miaka 5 alitolewa kwa mama yake akarudishwa kwa baba. Hata kupita umri wa miaka 4 alikuwa hajasema neno, na watu walidhani hasikii vema. Lakini sauti za kinanda alizisikia na kuzishika.

Wieck alikuwa mwalimu mwenye akili. Kila siku alimfundisha mtoto saa moja, kisha akamwacha ajizoeze saa mbili, wala hakumfungia ndani kutwa, bali alimpeleka kutembea nje apate hewa safi. Hakumwanzisha kwa kusoma alama za muziki. Alimpa vipande vifupi avisikie na kuvipiga. Sikio na vidole vilipozoea, ndipo akamfunza kusoma. Baadaye alimtafutia walimu wa kuimba, wa fidla na wa kutunga muziki. Ila masomo mengine hakuyapata sana, kwa kuwa alikaa shuleni muda mfupi tu.

Matunda yalionekana upesi. Tarehe 20 Oktoba 1828, alipokuwa na umri wa miaka 9, alipiga pamoja na mwenzake mbele ya watu katika jumba la Gewandhaus, na mwaka wa 1830 alipata tamasha lake mwenyewe humo humo. Mwaka wa 1831 alifika Weimar nyumbani kwa Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, aliyekuwa mzee wa miaka 82. Kiti kilikuwa kifupi kwa mtoto, naye mzee yule aliondoka mwenyewe akaleta mto wa kumkalisha. Tarehe 9 Novemba 1835, Clara, mwenye miaka 16, alipiga muziki alioutunga mwenyewe wa kinanda pamoja na wapigaji wengi, na aliyewaongoza alikuwa Mendelssohn. Mwaka wa 1838 Kaisari wa Austria alimpa cheo cha mpigaji wa nyumba ya Kaisari, ijapokuwa alikuwa mgeni, tena si Mkatoliki. Siku zile wapigaji wengi walipenda vipande vya kustaajabisha watu kwa mbio za vidole. Clara naye alianza hivyo, lakini kadiri alivyokua alizidi kupiga kazi za Bach na Beethoven, mara nyingi kwa moyo, bila kitabu mbele yake.

Sasa tutazame upande wa pili. Clara alipokuwa na miaka 7, baba yake alimfungulia kitabu cha habari za kila siku, akaandika humo kwa mkono wake mwenyewe, “mimi”, kana kwamba ndiye mtoto asemaye. Fedha za matamasha pia alizishika yeye. Mwaka wa 1837 Robert Schumann, mtungaji wa muziki aliyekuwa mwanafunzi wake Wieck, alimposa Clara. Wieck akakataa. Hakukosa sababu: Robert hakuwa na mali nyingi, na mkono wake wa kuume ulikuwa umeharibika. Lakini hata binti alipoonyesha kwamba ameamua, baba hakulegea. Alitaka binti aache fedha alizozipata kwa kupiga kinanda miaka 7.

Mwezi wa Januari 1839 Clara alisafiri kwenda Paris bila baba yake, akapanga matamasha mwenyewe. Aliporudi alikaa Berlin kwa mama yake, yule aliyetengwa naye utotoni, na mama akakubali ndoa. Shauri lilipelekwa mahakamani. Wieck alimshtaki Robert kuwa mlevi, asiweze kuthibitisha. Mahakama ikatoa ruhusa, na tarehe 12 Septemba 1840 wakaoana, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21.

Mwaka wa 1843 baba na binti walipatana. Tena mafundisho ya baba hayakupotea. Robert alipougua na kufa mwaka wa 1856, Clara aliwalea watoto wao 7 kwa vidole vile vile, akizunguka Ulaya kupiga kinanda. Tangu 1878 alifundisha katika chuo cha muziki mjini Frankfurt, na huko alikufa mwaka wa 1896.

Wazee wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wieck alilifuata neno hilo vema kuliko wengi wetu. Lakini sisi tulio walimu twawajua wazazi wasemao, “Nimemsomesha, basi ni wangu,” na pengine sisi wenyewe twasema vivyo hivyo juu ya wanafunzi wetu. Kitabu kile Clara alikuja kukiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto na afundishwe kwa bidii. Na siku atakapoweza kusema “mimi”, tumpe kalamu.