Katuni Zilivyopanda Mlima

Historia ya katuni Tanzania imezoea kusimuliwa kana kwamba nchi ina mji mmoja. Wachoraji walikaa Dar es Salaam, mitambo ya kuchapa ilikuwa Dar es Salaam, na tafiti za wasomi kama Rose Marie Beck na Jigal Beez, ambazo tunazishukuru, zimeegemea zaidi majarida yaliyotoka huko. Lakini gazeti halikuishia Kariakoo. Lilipakiwa kwenye basi, likapita Chalinze, Korogwe na Same, likashushwa Moshi na Bomang'ombe, kisha likapanda hadi Sanya Juu, magharibi mwa Kilimanjaro. Huko lilikutana na wasomaji ambao ndani ya katuni zenyewe mara nyingi ndio waliokuwa wakichekwa: watu wa shamba, watu wa kuja, watu wa bara.

Nadhani habari ya katuni zetu inaeleweka vizuri zaidi ukiitazama kutoka upande huo wa barabara.

Mlimani hapakuwa mahali pa watu wasiojua gazeti. Kiongozi, gazeti la shule ya serikali ya Wajerumani lililoanzishwa Tanga mwaka 1904, lilikuwa likichapwa kwenye mwanzo wa reli ileile iliyofika Moshi mwaka 1911. Waingereza nao walileta Mambo Leo mwaka 1923. Kahawa ikaleta fedha, shule za misheni zikaleta wasomaji, na vyama vya wakulima vikawapa watu sababu ya kufuatilia habari: kwanza chama cha wakulima wa kahawa cha mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933. Katika miaka ya 1950 Wachaga walikuwa na gazeti lao wenyewe, Komkya, lililotolewa Moshi chini ya baraza lao wakati wa Mangi Mkuu Thomas Marealle. Msomaji aliyebishana juu ya bei ya kahawa kwa kunukuu gazeti hakuhitaji kufundishwa jinsi ya kusoma mchoro.

Ila michoro yenyewe ya kuchekesha haikutoka pwani tu. Moshi iko karibu na Nairobi kuliko Dar es Salaam, na Nairobi ndiko yalikotoka magazeti ya Kiswahili yenye nguvu kama Baraza, lililoanza mwaka 1939. Katikati ya miaka ya 1950 Mkenya Edward Gitau alimzua Juha Kalulu, mjinga wa mikasa isiyokwisha, ambaye baadaye alihamia Taifa Leo na kudumu humo kwa miongo. Katuni za kampuni nazo zilikuwepo: matangazo ya bidhaa za dukani yaliyopangwa kwa vipande vya picha, mume analalamika, mke ananunua siagi ya kopo, nyumba inapata amani. Wanaodharau matangazo hayo wanasahau kwamba ndiyo yaliyowazoesha wasomaji wengi kufuata hadithi kutoka kisanduku kimoja hadi kingine.

Uhuru wa Tanganyika ulipokuja, TANU ilianzisha gazeti lake na kulipa jina hilohilo, Uhuru. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akatokea ndani yake Chakubanga, wa mchoraji Christian Gregory. Chakubanga ni mtu wa hali ya chini aliyeingia mjini bila kujua taratibu za mjini. Hapa pana jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimweka mkulima katikati ya nchi. Kurasa za mbele za Uhuru zilimsifu yeye na jembe lake kila siku. Ukifungua ndani, yuleyule mtu wa jembe alikuwa amesimama barabarani, ameduwaa, watu wanamcheka. Gazeti moja, mkulima mmoja, sura mbili. Gregory hakuwa mpinzani wa chama, na wala katuni zake hazikuwa za uchochezi. Lakini kwa kumweka mshamba wake mjini alionyesha kitu ambacho tahariri haikuweza kukisema, kwamba mji ulikuwa bado unamdharau yule uliyekuwa ukimwimbia. Ndiyo maana, naamini, Chakubanga alipendwa hata na wale aliowachekesha kwa gharama yao. Wazee wetu wa mlimani waliomwona mtu wa Dar akijifanya hajui mgomba ni nini walikuwa na kicheko chao cha kurudisha.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa watu wa Kilimanjaro, hasa wa upande wa Rombo na wa barabara ya Sanya Juu kwenda Kamwanga, mpaka huo ulikuwa soko, ndoa na misiba. Ulikuwa pia njia ya magazeti. Sisemi kwamba kufungwa kwake ndiko kulikozaa jarida la Sani, lakini wakati unavutia: Sani lilianza mwaka 1978, mwaka mmoja baadaye, na jina lake liliunganishwa kutokana na majina ya waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Lilikuja katika miaka ya vita vya Kagera, foleni za sukari na sabuni, karatasi ya shida, na hatimaye msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Ni vigumu kumweleza kijana wa leo maana ya jarida la kuchekesha katika duka ambalo rafu zake hazina kitu.

Kuhusu Sani ningependa kukaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo katuni ya Tanzania ilipopata miguu yake. Mchoraji wake mkubwa, Philip Ndunguru, alizaliwa mwaka 1962 na kufariki mwaka 1986, akiwa bado kijana kabisa. Kwa muda huo mfupi aliacha watu ambao majina yao yameingia katika mazungumzo ya kila siku. Ndumilakuwili, laghai anayejua kucheza pande zote mbili. Lodilofa, lofa kwa jina na kwa vitendo. Kazibure, ambaye jina linajieleza. Wengine wakaongeza wao: Madenge mtundu, Pimbi, na Komredi Kipepe wa Ibra Radi Washokera, ambaye Beez ameonyesha jinsi alivyofuata nyayo za Asterix wa Wafaransa. Watu wa Sani hawakuwa washamba wa kuchekwa na wajanja. Walikuwa wajanja wanaonaswa na ujanja wao. Hiyo ni hatua kubwa kutoka kwa Chakubanga. Katika nchi ambako sukari ilipatikana kwa kujuana, kicheko kilihama kutoka kwa asiyejua mji kwenda kwa anayeujua kupita kiasi.

Na lugha! Wahusika wa Sani walisema Kiswahili cha vijiweni, kile ambacho walimu walikuwa wakikisahihisha kwa wino mwekundu. Kwa mtoto wa mlimani ambaye nyumbani alisema Kisiha au Kimachame, au Kimaasai kwa wale wa kuelekea mbugani, Kiswahili cha shule kilikuwa cha vitabu, safi na kikavu. Sani lilimpa kingine, chenye matusi ya staha na mizaha. Ningethubutu kusema lilifundisha Kiswahili cha mjini kwa watu wengi wa bara kuliko redio, ambayo siku zile ilikuwa na tabia ya kusema kama mwalimu mkuu.

Jarida lilisomwa kwa kupokezana mpaka likachanika, na wakati mwingine kurasa zake zikaishia kufungia karanga. Hilo linaeleza kwa nini leo ni shida kupata matoleo ya zamani.

Baada ya kifo cha Ndunguru wachoraji wengine, John Kaduma akiwa mmojawao, waliendeleza wahusika wake, na majarida mengine kama Bongo yakajitokeza. Siasa ya vyama vingi ilipoingia mwaka 1992, milango ya magazeti binafsi ikafunguka. Majira, Nipashe, Mtanzania na mengine mengi yakahitaji katuni ya siku, na ghafla mchora katuni akawa mtu wa kuajiriwa. James Gayo na Kingo wake waliweza hata kuanzisha jarida lao. Ali Masoud, aliyezaliwa mwaka 1972, akaja na Kipanya, panya mdogo anayejibanza pembeni mwa mchoro na kutoa maoni yanayouma kuliko mchoro wenyewe. Baadaye jina la panya likamezwa na jina la mtu, na sasa nchi nzima inamwita Masoud Kipanya.  Nathan Mpangala akaleta Kijasti, na akapeleka katuni hadi kwenye habari za televisheni.

Godfrey Mwampembwa, anayejulikana kama Gado, alikwenda njia nyingine. Gado alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akasoma usanifu majengo katika chuo cha Ardhi, akaacha na kuhamia Nairobi mwaka 1992 kuchorea magazeti ya Nation. Kwa hiyo kijana wa Dar akawa mchoraji anayesomwa kutoka Kenya, na gazeti lake likashuka kwetu kupitia mpaka uleule wa zamani. Januari 2015 The EastAfrican lilizuiwa Tanzania, muda mfupi baada ya katuni yake ya Rais Kikwete, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka Nation. Nairobi nayo ilimpa nafasi ambayo Dar haikuwa nayo: mwaka 1996 shirika la Sasa Sema lilichapisha kitabu chake cha Abunuwasi, hadithi za kale za ujanja zilizogeuzwa kuwa katuni ya Kiswahili. Kitabu hicho kinaonyesha alivyo mchoraji bora anapokuwa hana rais wa kumchora.

Uhuru wa magazeti wa miaka ya 1990 ulikuja na kelele zake pia. Magazeti ya udaku yalijaa michoro ya ngono, na mwaka 1998 serikali ikayafungia Kasheshe, Chombeza na Arusha Leo kwa madai ya kuvunja maadili. La mwisho lilikuwa la jirani zetu. Watu wengi wa makanisani mlimani waliona hatua hiyo ni ya haki. Mimi naona ilikuwa na hasara moja isiyohesabiwa: kwa miaka kadhaa baadaye neno katuni, katika nyumba nyingi za heshima, lilisikika kama neno la aibu, na kijana aliyesema anataka kuchora aliulizwa atachora nini hasa.

Katika miaka hiyohiyo mhusika mpya alikuwa amekaa vizuri kwenye katuni za Dar: Mchaga. Ana duka, anaitwa Mangi, anahesabu chenji mara mbili, na Desemba ikifika anafunga kila kitu apande basi kwenda kwao kuchinja. Hakuna mtu wa Kilimanjaro ambaye hajauona mzaha huo, na wengi wetu tunausambaza wenyewe kila mwaka. Ukiufikiria, ni Chakubanga aliyegeuzwa ndani nje. Yule alitoka bara akaushangaa mji. Huyu ametoka bara na yeye ndiye anayeudai mji. Kicheko kimebaki cha mwenyeji kwa mgeni, ila mgeni sasa ndiye mwenye funguo za duka. Mzaha huo pia hauoni kwamba mlima una watu wengi. Sanya Juu ya katuni haipo. Ile ya kweli siku ya soko ina Wasiha, Wamaasai, Wameru, Wapare na waliokuja kufanya kazi katika mashamba makubwa ya West Kilimanjaro.

Katuni nyingine ilipanda mlima kwa njia ya shule na wala haikununuliwa. HakiElimu, shirika la kutetea elimu lililoanza mwaka 2001, lilitumia wachoraji wa magazetini kuonyesha watoto wanaokaa sakafuni na mwalimu asiyekuwa na chaki, kwa vijitabu na mabango yaliyotumwa vijijini. Mwaka 2005 wizara ililizuia shirika hilo kuchapisha habari za shule kwa muda. Majarida ya Femina, Fema na Si Mchezo!, yalipeleka hadithi za picha kuhusu UKIMWI, mimba na fedha hadi kwenye sekondari na kwa vijana wa vijijini. Baadaye Shujaaz, jarida la katuni lililoanzia Kenya mwaka 2010, likavuka kuja kwetu na mhusika wake DJ. Kama sanaa, kazi nyingi za namna hii zina kasoro moja: msomaji anajua ukurasa wa mwisho utasema nini. Ndumilakuwili hakuwahi kumshauri mtu apime afya. Lakini ziliwafikia watoto wengi wa shule waliokuwa hawana fedha ya gazeti.

Sasa basi la magazeti limepoteza uzito. Katuni inachorwa asubuhi na kabla ya mchana iko kwenye simu ya mtu anayechuma maharage. Hatari nayo imehama: Septemba 2021 mchoraji Optatus Fwema alikamatwa Dar es Salaam kwa katuni ya Rais Samia aliyoiweka mtandaoni, bila mhariri wala gazeti la kumkinga. Kwa upande mwingine, mchoraji hahitaji tena kuishi karibu na mtambo. Vijana wanaochora nembo za vinyozi na maandishi ya nyuma ya magari kati ya Bomang'ombe na Sanya Juu wana mkono mzuri kuliko wengi wanaochapwa, na kwa mara ya kwanza wanaweza kumchora mtu wa Dar jinsi anavyoonekana akishuka kwenye gari mwezi wa Desemba, amevaa koti la barafu penye jua.

Kinachokosekana ni kumbukumbu. Maktaba ya mkoa iko Moshi, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na ndiko matoleo ya zamani yanakostahili kuwekwa, maana yaliyosalia hayapo kwenye rafu za umma bali kwenye masanduku ya mabati ya walimu wastaafu na kwenye dari za nyumba za mlimani. Mwenye Sani la kabla ya mwaka 1986, lenye mkono wa Ndunguru mwenyewe, hata kama limeliwa na panya pembeni, asilichome wakati wa kusafisha nyumba. Alipige picha ukurasa kwa ukurasa, aandike tarehe na mahali alipolinunua, na jina la mchoraji kama linasomeka.