Mtoto Mwenye Kifafa kama Kipimo cha Mchezo: Hoja ya Ufikivu wa Michezo ya Video kutoka Bonde la Kilombero

1. Utangulizi

Kwa miaka michache iliyopita, juhudi za kuwafikishia watu wenye ulemavu michezo ya video zimezaa matunda makubwa. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller, kidhibiti chenye vitufe viwili vipana na matundu ya kuchomekea swichi za namna nyingi, kwa ajili ya wachezaji ambao mikono yao haimudu padi ya kawaida. Mwaka 2020 ulitoka mchezo wa The Last of Us Part II ukiwa na mipangilio ya ufikivu zaidi ya 60, na wachezaji wasioona kabisa wakaweza kuucheza hadi mwisho. Haya ni mafanikio ya kweli. Hata hivyo, yanasimama juu ya dhana mbili ambazo mjini Ifakara, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, hazina mashiko: kwamba mchezaji ana mashine yake nyumbani, na kwamba ulemavu wake ni mmoja, unaojulikana kwa jina, na unaoweza kutafutiwa kifaa chake.

Makala haya yanadai kwamba katika bonde la Kilombero ufikivu hauna budi kuwekwa ndani ya mchezo wenyewe tangu unapobuniwa, bila mchezaji kudaiwa kununua chochote cha ziada. Yanadai pia kwamba kipimo kizuri cha mchezo wa aina hiyo ni mtoto mwenye kifafa, kwa kuwa maisha yake yanakutanisha mahitaji ambayo miongozo mingi huyatenganisha.

2. Kifafa na mwili wa mchezaji

Ukivuka Mto Kilombero kutoka Ifakara na kupanda milima ya Mahenge, wilayani Ulanga, unafika katika eneo lenye historia ndefu katika utafiti wa kifafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha huko kliniki ya kifafa, na mwaka 1965 akachapisha maelezo kuhusu ugonjwa huo miongoni mwa Wapogoro, wakiwamo watoto waliopatwa na hali ya kutikisika kichwa. Tafiti za baadaye zimeonyesha uhusiano mkubwa kati ya kifafa cha eneo hilo na usubi, maradhi yanayoenezwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Usubi huohuo huweza kuharibu macho. Kwa hiyo mkondo mmoja wa maji unaweza kuipa familia moja mtoto mwenye kifafa na babu asiyeona.

Kwa mbunifu wa michezo, kifafa humaanisha taa zinazomweka, basi. Hofu hiyo ina msingi. Tarehe 16 Desemba 1997 kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilirusha nchini Japani mmweko wa haraka wa rangi nyekundu na bluu, na mamia ya watoto wakakimbizwa hospitali. Tangu hapo kanuni ya kutopitisha mimweko mitatu kwa sekunde imekubalika kwa upana. Lakini wanaodhurika na mwanga ni sehemu ndogo tu ya watu wenye kifafa. Mbunifu anayeishia kwenye onyo la mwanga mwanzoni mwa mchezo amemwacha mtoto wa Mahenge nje karibu kabisa.

Tumtazame mtoto huyo kwa ukamilifu. Nyumba nyingi za vijijini hupikia kwenye mafiga, na mtoto akianguka karibu na moto huungua. Kovu la moto hukunja vidole au kuviondoa, kwa hiyo ugonjwa wa ubongo unageuka kuwa ulemavu wa mkono. Dawa ya fenobabitoni, inayotumika sana kwa kuwa ni ya bei nafuu, huweza kuleta usingizi na kupunguza wepesi wa kufikiri. Shambulio lenyewe humjia bila kumpigia hodi: katikati ya mchezo simu inamtoka mkononi, na akizinduka anakuta ameshindwa na hatua zake zote zimefutika. Juu ya hayo yote ipo imani, iliyorekodiwa tangu siku za Jilek-Aall, kwamba kifafa huambukizwa kwa mate au povu la mgonjwa. Imani hiyo si ya kweli, lakini inatosha kumfanya mtoto asipewe kitu kinachoshikwa na wenzake.

Mahitaji ya mtoto mmoja, basi, ni haya: picha isiyomweka, vitufe vikubwa vinavyoguswa kwa kidole kimoja au hata kwa kifundo, uwezo wa kuzima saa ya kuhesabu muda, na mchezo unaojihifadhi wenyewe kila hatua na kumngoja arudi. Mchezo uliotimiza hayo utakuwa pia umemkaribisha mtu ambaye ukoma umemwondolea hisia za vidole, mzee ambaye mikono yake inatetemeka, na mtoto anayejifunza polepole.

3. Uwanja wa kuchezea

Kijana wa mjini Ifakara hucheza gemu mahali pawili: kwenye simu janja, ambayo mara nyingi ni ya mzazi au kaka, na kwenye kibanda cha PlayStation, anapolipia kila mechi ya mpira. Kidhibiti maalumu, ambacho kilipotoka kiliuzwa karibu dola 100 za Marekani, hakina nafasi katika uchumi huo. Simu ya kuazima nayo haiachiwi mipangilio ya mtu mmoja, kwani jioni itarudi kwa mwenyewe. Ndiyo maana mipangilio ya ufikivu inapaswa kukaa ndani ya mchezo, ionekane kwenye ukurasa wa kwanza, na ikumbukwe kwa kila mchezaji peke yake.

Kwa asiyeona, tatizo ni zito zaidi. Simu nyingi zina kisomaskrini, yaani programu inayosoma kwa sauti maandishi ya skrini, lakini michezo mingi huchora skrini nzima kama picha moja, na kisomaskrini hakikuti neno la kusoma. Hapa bao linatufundisha jambo. Katika bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64, habari zote za mchezo zinapatikana kwa mguso: kidole kinaingia shimoni, kinahesabu kete, kinaitambua nyumba. Asiyeona anaweza kucheza na anayeona bila kupendelewa. Bao hilohilo likihamishiwa kwenye kioo cha simu bila sauti, linamfungia nje mchezaji ambaye ubao wa mbao haukumfungia. Ulemavu huo umetengenezwa na mbunifu, na mbunifu anaweza kuuondoa kwa kuyapa mashimo sauti ya Kiswahili inayotaja idadi ya kete.

4. Funzo kutoka Tanga

Tanzania ina mfano unaothibitisha kwamba ubunifu wa namna hii unawezekana. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, programu tano za Kiswahili zilijaribiwa kwa miezi 15 kwenye vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, kwa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua. Mwezi Mei 2019 ushindi uligawanywa kati ya onebillion na Kitkit School. Kitkit School ilitengenezwa na kampuni ya Enuma, iliyoanzishwa na Sooinn Lee na Gunho Lee, wanandoa waliotoka katika tasnia ya michezo ya video. Sooinn Lee ameeleza hadharani kwamba alianza kubuni michezo ya kujifunzia baada ya kupata mtoto mwenye mahitaji maalumu. Ubunifu uliomlenga mtoto huyo ukawa miongoni mwa bora kwa watoto wa Tanga, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasani.

Mfano huu una upungufu wake. Shindano lilipima kusoma, kuandika na kuhesabu, na ufikivu haukuwa miongoni mwa vigezo vya ushindi. Jambo lisilowekewa kigezo hutegemea huruma ya mbunifu, na huruma haiwezi kuwa sera. Hata hivyo, kwa kuwa programu zote tano zilitolewa huru kwa umma, msingi wa kujengea upo tayari.

5. Pingamizi

Litaulizwa swali la haki: je, ni busara kuzungumzia gemu mahali ambapo dawa za kifafa zenyewe hukatika? Dawa zitangulie, bila ubishi. Lakini mtoto aliyepata dawa bado anahitaji wenzake, na kucheza ndiyo njia ya watoto ya kuwa pamoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua katika Ibara ya 30 haki ya mtoto mwenye ulemavu kushiriki michezo na burudani sawa na watoto wengine. Zaidi ya hapo, masomo mengi ya kidijitali ya watoto sasa huja kwa sura ya mchezo. Anayezuiwa na kitufe kidogo kwenye gemu atazuiwa na kitufe hichohicho kwenye somo.

Pingamizi la gharama nalo halina nguvu likichunguzwa. Kitufe kikubwa hakigharimu zaidi ya kidogo kinapochorwa mara ya kwanza. Gharama huja pale mchezo uliokamilika unapobomolewa ili urekebishwe.

6. Hitimisho

Bonde la Kilombero lina utamaduni wa kujaribu mambo pamoja na wananchi. Mradi wa kueneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, uliozinduliwa mwaka 1997, ulianza kwa kuwauliza watu wanachokitaka, na ulihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto waliotumia vyandarua hivyo. Utaratibu uleule unafaa hapa: watafiti wa Ifakara, wabunifu wa michezo na familia za Mahenge wakae pamoja kabla mchezo haujakamilika, na watoto wenye kifafa wawe wajaribu wa kwanza, wakiwa na mhudumu wa afya karibu.

Naamini hatua ya lazima ni moja. Serikali na wafadhili wanaponunua mchezo wowote wa kielimu kwa ajili ya watoto wa Tanzania, mkataba utaje masharti manne: usimweke, uchezeke kwa mguso mmoja, uongee Kiswahili, na umngoje mchezaji. Mchezo usiotimiza masharti hayo usilipiwe kwa fedha za umma, kwa sababu fedha hizo ni za mtoto wa Mahenge pia.