Poland: soko lililoanzia barabarani

Aprili 1991, soko la hisa lilifunguliwa jijini Warsaw ndani ya jengo lililokuwa makao makuu ya chama cha kikomunisti, chama ambacho kilikuwa kimejivunja mwaka uliotangulia. Siku hiyo ziliuzwa hisa za kampuni 5 tu.

Wengi wanaosimulia mageuzi ya uchumi wa Poland huanza na Leszek Balcerowicz, waziri wa fedha katika serikali ya Tadeusz Mazowiecki. Anastahili kutajwa. Oktoba 1989 bei zilipanda kwa zaidi ya nusu ndani ya mwezi mmoja. Tarehe 1 Januari 1990 mpango wake ukaanza kazi: bei nyingi ziliachiwa, ruzuku zikakatwa, nyongeza za mishahara zikabanwa kwa kodi kali. Mwezi huo bei zilipanda tena kwa karibu asilimia 80, kisha kasi ikapungua. Rafu za maduka, ambazo miaka ya 1980 mara nyingi zilibaki na chupa za siki, zikajaa bidhaa. Wa kuzinunua ndio waliokuwa wachache.

Lakini mlango ulifunguliwa mapema zaidi, tena na wakomunisti wenyewe. Desemba 1988 ilipitishwa sheria ya Waziri Mieczysław Wilczek, iliyompa raia haki ya kufanya biashara yoyote ambayo sheria haikuikataza. Watu hawakusubiri wataalamu. Walitandika bidhaa juu ya vitanda vya kukunja kando ya barabara, wengine wakauzia kwenye magari yao. Sisi tungewaita machinga. Uwanja mkubwa wa michezo wa Warsaw, uliokuwa umechakaa, ukageuka gulio ambalo wafanyabiashara wa nchi jirani walilifuata kwa mabasi. Kwangu mimi, hawa ndio waliouanzisha uchumi mpya wa Poland.

Wapo waliotupwa nje kabisa. Wakulima wengi wa Poland walibaki na mashamba yao hata chini ya ukomunisti, lakini vibarua wa mashamba ya serikali hawakuwa na hata kipande cha ardhi. Waliishi katika majengo ya ghorofa yaliyojengwa katikati ya konde, wakitegemea shamba kwa mshahara, shule ya chekechea, hata basi la kwenda mjini. Sheria ya Oktoba 1991 iliyavunja mashamba hayo. Kazi ikaisha, basi likaacha kuja, watu wakabaki ghorofani.

Mwishoni mwa 1993 wasio na ajira nchini walikaribia milioni 3. Balcerowicz alikuwa sahihi kuhusu mfumuko wa bei, ila serikali zilizofuatana Warsaw ziliwakosea vibarua hawa: ziliyafunga mashamba bila kuandaa kazi nyingine. Poland iliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na vijana wengi wa nchi hiyo wakapanda mabasi kwenda kutafuta kazi Uingereza.