Njia ya Bisie: pori, mito na watu waliobeba Walikale mgongoni

Mtu aliyetoka Goma kwenda Bisie wakati wa kuchimba kwa mikono alikuwa na safari mbili ndani ya moja. Ya kwanza ilikuwa ya gari, kama barabara ilikubali: Sake, kupanda milima ya Masisi yenye baridi na malisho ya ng'ombe, Nyabiondo, Kashebere, halafu kuteremka kwenye joto la pori mpaka Walikale. Ya pili ilianza Njingala, kijiji kilicho kando ya barabara ya kwenda Kisangani. Hapo gari lilibaki. Mbele kulikuwa na njia ya miguu tu, siku nzima ya kutembea, na kwa aliyebeba mzigo mara nyingi siku mbili.

Vijana walikwenda kwa makundi: ndugu, majirani, watu waliosoma darasa moja. Hakuna aliyependa kuingia pori peke yake, maana akiteguka mguu katikati ya njia, nani atamwinua? Waliondoka alfajiri ili mvua ya mchana iwakute mbali. Miti ya Walikale ni mirefu na jua halifiki chini, kwa hiyo tope halikauki hata wakati wa kiangazi. Mizizi inavuka njia kama kamba. Vijito vilivukwa juu ya magogo yanayoteleza, na mvua ikinyesha sana gogo lilikuwa chini ya maji, basi watu wakangoja au wakashikana mikono. Palipokuwa na mto mkubwa kidogo hapakosi mtu aliyetengeneza daraja la miti na kudai pesa. Usiku ulipowakuta, walilala kwenye vibanda vya majani na plastiki ambako akina mama waliuza bugari, sombe na chai. Njia ile ilikuwa na soko lake lote kabla hujafika kwenye mlima wenyewe.

Wakaaji wengi wa Masisi na Walikale wanaoishi leo katika familia za wenyeji, shuleni au makanisani, mbali na makwao, waliwahi kupita huko au wana mtoto aliyepita. Walisema wanakwenda "kutafuta maisha." Ukiwasikiliza wakikumbushana, kwanza wanacheka: nani alianguka mtoni na gunia la chumvi, nani aliogopa nyani usiku. Habari za bariere huja baadaye, na hapo kicheko kinapungua.

Safari za miguu katika pori hili ni za zamani. Desemba 1893 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani, pwani ya Tanzania ya leo, pamoja na wenzake wawili, daktari Hermann Kersting na Georg von Prittwitz. Walivuka Rwanda, wakaonana na mwami Rwabugiri, wakapanda Nyiragongo mwezi wa Juni 1894, wakaliona ziwa Kivu. Kisha wakageukia magharibi: milima, halafu pori kubwa, halafu bonde la mto Lowa, mpaka wakatokea Kirundu kwenye mto Kongo mwezi wa Septemba. Hawakufika Bisie, lakini Lowa ndio mto unaopita Walikale, na pori ni lile lile. Mwaka 1895 Götzen alitoa kitabu Berlin, na Ulaya ikamsifu kama shujaa wa kuvuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi. Baadaye akawa gavana wa koloni ya Ujerumani Afrika Mashariki, na ni chini yake vita vya Maji Maji vilizimwa kwa damu nyingi.

Wazungu watatu wale hawakubeba mahema yao. Wapagazi walibeba: mahema, masanduku, risasi, nguo na shanga za kubadilishana na chakula. Katika historia majina matatu yamebaki, na wengine wote wanaitwa wapagazi tu. Chakula cha msafara kama ule kilitoka katika mashamba ya vijiji vilivyopitiwa, ambavyo navyo havitajwi sana. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. (Lugha hii yenyewe iliingia magharibi ya ziwa kwa miguu ya watu kama hao, wafanyabiashara wa pembe za ndovu na wapagazi wao, kabla ya misheni na kabla ya shule.)

Baada ya wasafiri walikuja wachimbaji. Wakati wa Wabelgiji makampuni ya madini yalichimba kasiterite, yaani jiwe linalotoa bati, sehemu nyingi za Kivu na Maniema. Mwaka 1976 yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu iliruhusu raia kuchimba kwa mikono, na mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani. SOMINKI haikusimama tena vizuri. Wafanyakazi walibaki na nyundo na ujuzi, bila mshahara. Hao, pamoja na watoto wao, ndio waliokuja kujaza mashimo ya miaka ya 2000.

Inasimuliwa kwamba ni mwindaji aliyeona jiwe zito kule Bisie, kwenye mwaka 2002. Habari ilitembea haraka kuliko watu. Katika miaka michache mlima uliokuwa wa wanyama ukawa na watu zaidi ya elfu kumi, maduka, makanisa, bari na nyumba za miti na plastiki zilizopangwa kwenye mteremko. Bati ilipopanda bei kwenye 2004, kwa sababu viwanda vya elektroniki duniani viliihitaji kwa kuungia nyaya, Bisie ikawa inatoa zaidi ya nusu ya kasiterite yote ya Kivu ya Kaskazini. Jiwe lake ni tajiri kuliko karibu migodi yote ya bati inayojulikana ulimwenguni.

Na lote lilitoka mgongoni. Gunia la kilo 50 lilifungwa kwa kamba, mtu akainama, wenzake wakamsaidia kuinuka, akaanza kushuka kuelekea Njingala. Aliyekwenda upande wa pili alibeba unga, mafuta, samaki wa chumvi, bia, nguo, betri. Ndiyo sababu chupa ya bia iliuzwa Bisie mara kadhaa ya bei yake ya barabarani: mnunuzi alilipia miguu ya mtu. Kutoka Njingala magunia yalipakiwa kwenye gari mpaka Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara ya taifa. Magari yalisimama na kungoja ndege ipite. Kutoka hapo ni Goma, kwenye makontuari, halafu nje ya nchi.

Ingekuwa njia ya jasho tu, isingeacha uchungu. Lakini kuanzia siku za kwanza ilikuwa na wenye bunduki. Brigedi ya 85 ya jeshi, chini ya kanali Samy Matumo, ambayo askari wake wengi walitoka Mai-Mai, ilikaa juu ya Bisie mpaka Machi 2009. Mtu alilipa kuingia, akalipa kutoka, akaacha kilo kadhaa kwenye bariere, na kuna siku alichimba kwa ajili ya askari. Mwaka 2009 walipoondolewa, wachimbaji walifurahi muda mfupi. Waliokuja baadaye, wengi wao kutoka CNDP ya zamani, walikaa kwenye bariere zile zile. Ntabo Ntaberi Sheka, aliyekuwa mfanyabiashara wa madini kabla ya kuwa mkubwa wa kikundi chenye silaha, alijulikana kwanza kwa biashara ya Bisie. Watu wake walikuwa miongoni mwa walioshambulia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua na Mpofi, kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, ambako Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Alijisalimisha mwaka 2017, na mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha mwezi wa Novemba 2020.

Septemba 2010 rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Miezi miwili kabla, Marekani ilikuwa imepitisha sheria iliyotaka makampuni yake yaeleze kama madini yao yanatoka Kongo. Marufuku iliondolewa Machi 2011, lakini wanunuzi wengi hawakurudi. Kwa mtu wa Walikale hii ilikuwa adhabu juu ya adhabu. Wenye bunduki walipata njia nyingine. Mbeba gunia hakuwa na nyingine, na ada ya shule ilikuwa inatoka humo. Wale walioandika sheria hiyo walikuwa na nia nzuri pengine, ila hawakufikiria mwanamke anayeuza bugari katikati ya pori.

Wakati huo huo kulikuwa na ugomvi wa nani mwenye mlima. Kampuni MPC ilipata kibali cha kutafiti mwaka 2006. Familia za wenye ardhi ziligawanyika, makoperativa ya wachimbaji, COCABI na COMIMPA, yakavutana. Alphamin ikachukua nafasi ya MPC, ikapasua barabara kutoka Logu mpaka mlimani, ikajenga kiwanda, na mwaka 2019 ikaanza kutoa bati. Mashine zilichukua kazi ya nyundo, malori yakachukua kazi ya migongo. Kuna walioajiriwa, kuna shule na maji vilivyojengwa kwenye vijiji vya karibu, na hilo ni vibaya kulikana. Lakini mgodi wa mashine hauhitaji watu elfu kumi, na vibanda vya chai vilivyokuwa kwenye njia ya Njingala vilikosa wateja. Mwaka 2024 Bisie ilitoa tani 17,324 za bati, karibu asilimia 6 ya bati yote ya dunia.

Halafu vita ikafuata barabara. M23 ilichukua Masisi kituoni mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya Goma zikavunjwa mwezi wa Februari. Watu waliambiwa warudi vijijini ambako wengi hawakuwa na nyumba tena. Tarehe 13 Machi Alphamin ilisimamisha kazi na kuwaondoa wafanyakazi. Bei ya bati ikapanda mara moja kwenye soko la dunia. Tarehe 19 Machi M23 iliingia Walikale kituoni. Raia walikimbilia pori, na safari hii mizigo ilikuwa watoto, sufuria na godoro. Waliojua njia za zamani za wabeba magunia walijua pia mahali pa kuvuka vijito.

M23 iliondoka Walikale mwanzoni mwa Aprili. Tarehe 9 Aprili kampuni ilitangaza kwamba inarudisha wafanyakazi Bisie kwa hatua, na miezi michache baadaye zaidi ya nusu ya hisa zake zilinunuliwa na kampuni ya Abu Dhabi. Familia zilizotoka Walikale na Masisi zilirudi nazo kwa hatua: baba kwanza, peke yake, kuangalia kama nyumba ipo na kama mihogo haijavunwa na wengine, huku mama na watoto wakingoja habari kwa simu.